Mbuzi awe tayari saa 6

Kwenye filamu stelingi ndiye anayeonekana, dairekta ndiye anayetajwa, na meneja wa uzalishaji ndiye anayepigiwa simu. Jenereta limezima? Mpigie meneja. Mtendaji wa mtaa kaja kuuliza kibali cha Bodi ya Filamu? Meneja. Jogoo wa jirani anawika katikati ya sini ya mapenzi? Meneja, eti nikaongee naye.

Siku hiyo tulikuwa Bagamoyo, na tulikuwa na mbuzi. Mweupe, sikio la kushoto lina doa jeusi, kakodiwa kwa mzee mmoja jirani na lokesheni kwa elfu 20 kwa siku. Ndiye mahari yenyewe ya filamu.

Sasa, filamu haipigwi kwa mfuatano. Jua na mwembe vilipokuwa vizuri, jana yake tulipiga sini ya mwisho: baba mkwe anamlisha mbuzi majani, familia imeungana, kila mtu analia. Leo ndiyo tupige bwana harusi anamleta. Yaani mahari ilishapokelewa ila bado haijafika.

Usiku nikaandika ratiba, nikamgawia kila mtu nakala, na mama ntilie pia, ajue watu wanakula saa ngapi. Chini kabisa, kwa mkono wangu huu: "Mbuzi 1. Awe tayari saa 6 mchana."

Saa 6 kasoro robo harufu ya pilau ikafika mpaka kwenye kamera. Nikajisemea, leo mama kajitahidi, bajeti niliyompa ni ya dagaa. Mwenye mbuzi naye akatokea. Shikamoo mzee, marahaba, karibu chakula. Akala sahani mbili, akaguguna mfupa na kuushangilia kwa mluzi.

"Nyama laini hii. Mmeipata wapi?"

Nikamgeukia mama ntilie. Akacheka kwa fahari. "Si huyu mliyemfunga pale mwembeni! Kaka yangu kamchinja alfajiri. Mwanangu, uliandika saa 6 awe tayari, mimi saa 5 na nusu nilishamaliza." Kisha akachomoa mfukoni utepe mwekundu, ule ambao mtu wa mavazi alimfunga mbuzi shingoni. "Na huu utepe wenu. Nimeufua."

Nikatazama uzio wa makuti. Ngozi nyeupe imetandazwa juani.

Mzee aliacha kutafuna. Akaitazama ngozi, akaitazama sahani, akanitazama mimi. Nilitegemea matusi. Akameza kwanza.

"Laki 2," akasema. "Na supu ya kichwa ni yangu."

Nikalipa. Nilikuwa na dairekta wa kumwambia.

Dairekta hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza tu kama nina mbuzi mwingine mwenye doa sikio la kushoto. Nilizunguka na bodaboda saa nzima nikarudi na mbuzi mweupe pee, jike, kaegemea mgongo wangu. Mtu wa mekapu akampaka doa kwa wanja. Kwenye picha ya kwanza likakaa vizuri. Ya pili, mbuzi akajikuna kwa kwato, doa likahamia kwenye jicho. Ya tatu, bwana harusi anakabidhi mahari yenye uso wa mtu aliyepigwa ngumi. Hiyo ndiyo iliyotumika.

Shida yangu kubwa ilikuja kwenye hesabu. Mtoa fedha alipanga risiti mezani: kukodi mbuzi elfu 20 jana, elfu 20 leo. Fidia ya mbuzi, laki 2. Kukodi mbuzi wa pili, elfu 30. Kuchinja mbuzi, elfu 10. Wanja, elfu 3.

Akavua miwani.

"Hebu niambie. Huyu mbuzi anamzidi stelingi malipo?"

Nikapiga hesabu kichwani. Alikuwa anamzidi.