Burundi ya Mikoa Mitano: Nani Kapunguziwa Mzigo?

Mkoa wa Kigoma peke yake ni mkubwa kuliko Burundi nzima. Nchi hiyo ya vilima, isiyo na bahari, ina kilomita za mraba 27,834, lakini ilifikia kuwa na mikoa 18, wa mwisho ukiwa Rumonge uliozaliwa mwaka 2015. Sheria ya 2023 imeibakiza mitano: Bujumbura, Gitega, Butanyerera, Burunga na Buhumuza. Komine, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya mkoa, nazo zikashuka kutoka 119 hadi 42, na uchaguzi wa Juni 2025 ukafanyika kwa ramani hiyo mpya.

Hoja ya watetezi haipuuziki. Magavana 18, kila mmoja na ofisi, gari na wasaidizi wake, ni gharama kwa nchi maskini. Komine isiyo na soko la maana hukusanya ushuru kiduchu unaoishia kwenye mishahara; zikiunganishwa tatu, huenda kikabaki cha kujenga darasa. Rwanda ilipita njia hiyo mwaka 2006: mikoa 12 ikawa 5, wilaya 106 zikawa 30. Ila kule wilaya zilikabidhiwa kazi na bajeti.

Sasa itazame ramani ukiwa Muyinga, mji ulio kwenye barabara ya kwenda mpaka wa Kobero, uliozoea kuwa makao makuu ya mkoa. Makao makuu ya Buhumuza yamepelekwa Cankuzo, mji mdogo zaidi. Kwa Cankuzo ni neema, na haki yake pia, maana ulisahaulika sana. Kwa wa Muyinga ni safari, na safari ya Burundi haipimwi kwa kilomita: barabara huzunguka vilima, na petroli miaka hii ni ya kupanga foleni.

Kuna na siasa. Mkoa ndio jimbo la uchaguzi, na kwa kawaida jimbo kubwa lenye viti vingi vya kugawana kwa orodha huvipa nafuu vyama vidogo. Haikuwa hivyo: chama tawala, CNDD-FDD, kilizoa viti vyote 100 vya Bunge vilivyogombewa, wapinzani wakalia kuchezewa rafu. Sidhani kosa hilo ni la ramani.

Mimi naegemea mikoa michache, mradi muhuri wa kuidhinisha nyaraka za raia ushuke hadi komine. Ukibaki kwa gavana, akiba ya serikali itakuwa imehamia kwenye nauli ya mkulima wa Muyinga, ambaye jana alifuata saini yake kwa miguu na leo anatafuta pikipiki yenye mafuta.