Mwajiri aonyeshwe malalamiko ya nesi ama la?

Huku Mombasa mwenye kliniki ya praiveti akitaka nesi, anaangalia lisensi, ikiwa sawa basi. Ila lisensi haisemi kama alikotoka aliambiwa aandike barua ya kuacha kazi yaishe kimyakimya, ndo maana kuna wanaotaka waajiri wafunguliwe rekodi za malalamiko.

Hoja yao nzito bana. Kule Marekani nesi mmoja, Charles Cullen, alizunguka hospitali za New Jersey na Pennsylvania miaka 16 akiua wagonjwa kwa digoxin, dawa ya moyo, na insulini mpaka akashikwa 2003. Wenzake kadhaa walishamshuku, lakini akitoka huku anaajiriwa kule, kila hospitali inaogopa kesi inakaa kimya. Mwaka 2005 New Jersey ikapitisha sheria hospitali ziambiane.

Haya, sasa nani huandikiwa malalamiko mengi? Mara nyingi ni yule wa leba zamu ya usiku, yuko peke yake, wodi imejaa, mtu anamuuliza mara ya tatu dripu imeisha, anajibiwa kwa mkato, asubuhi barua iko kwa metroni. Yule anayejificha stoo na simu yake faili lake jeupe kabisa! Halafu kuna ya kukomoana, sema tu dawa zinaibiwa uone utakavyoandikiwa.

Wengine wanasema basi zionekane zilizothibitishwa pekee. Mimi hapo sikubali, kwa sababu Cullen angepita vizuri tu, yake yalikuwa shuku miaka yote.

Na tusidanganyane, habari zinatembea hata sasa. Bosi anampigia mtu anayemjua pale ulipokuwa, anaambiwa "huyo achana naye", wewe unangoja kuitwa mpaka unachoka na hujui umesemwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona kilichowekwa juu yako, lakini umbea wa simu utauombea nakala wapi?

Kwa hivyo bora rekodi rasmi. Yanayogusa usalama wa mgonjwa mwajiri ayaone hata kama uchunguzi haujaisha, ya kujibu watu vibaya yabaki kwa metroni. Wamarekani wana hifadhi yao ya taifa ya rekodi za madaktari, NPDB, tangu 1990, hospitali lazima iulize kabla ya kumpa daktari nafasi, raia wa kawaida haioni, na daktari mwenyewe anaruhusiwa kuambatisha maelezo yake. Hicho cha mwisho ndo muhimu kwangu, mwajiri asome pande zote mbili kwa ukurasa mmoja.