Huku Uingereza nilisema yalonisibu kwa sababu hakuna anaenijua, kwetu Pemba mwanafunzi atasema kwa nani?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki ilopita mtoto wa ami yangu, yuko mwaka wa pili chuoni Unguja, kanitumia voisi saa nane za usiku kwa saa za huko, nikajua tu hapa hapana salama maana mtoto huyu toka mdogo ni wa kulala mapema. Anasema kaka silali, chakula hakishuki, nasoma ukurasa mmoja mara kumi hauingii, mtihani uko mlangoni na nna keri mbili, masomo nilofeli mwaka jana. Kisha akamalizia, "kaka tafadhali usimwambie mtu".

Niliisikiliza ile voisi mara tatu ndani ya basi natoka kazini hapa Leicester na kila mara kilichonichoma ni hayo maneno ya mwisho, maana na mie niliwahi kuyasema.

Mie wa Wete, Pemba. Mwaka wangu wa pili wa chuo karafuu hazikuzaa, na kwetu karafuu zisipozaa ada haipo, bumu, mkopo wa mwanafunzi, nalo likachelewa, tuko wanne geto moja Fuoni, Unguja, tunakula boflo na chai asubuhi na usiku, nikakamata sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia. Watu wanadhani stresi ya mwanafunzi ni kusoma sana. Kilichonikaa mie kifuani hakikua masomo, ni kwamba babangu kauza ng'ombe kwa ajili yangu na kila akipiga simu ananiuliza "waendeleaje mwanangu" na mie namjibu alhamdulillahi, simu ikikatika tu nalia. Asubuhi siamki, nikiamka sikogi, lekcha siendi, na ikaanza kunijia fikra kwamba nisingekuwepo wote wangepumzika. Hiyo ndo ilonitisha.

Nikaenda kwa mtu tuliyeambiwa ndie mshauri wetu, na huyo huyo ndie alokua akisimamia nidhamu. Simtaji yeye wala chuo, na naamini alitaka kunisaidia. Nilimueleza yote na nikamuomba asimwambie mtu. Siku ya tatu mamangu ananipigia kutoka Wete analia, "mwanangu nasikia akili hazikukaa sawa". Maneno yalivuka bahari kabla yangu! Mshauri yule kamwambia mtu wa Pemba anaemjua, yule kamwambia mwengine, nia njema tupu, na niliporudi likizo kila barza ninayopita watu wanapunguza sauti. Nilisomewa, nikanywa kombe, maji yaloosha aya za Qur'ani, na siwezi kusema uongo, usiku ule nililala usingizi ambao sikuupata wiki nyingi na maalim alonisomea namuombea dua mpaka leo. Lakini hakuna alieniuliza imeanza lini. Na miaka miwili baadae nilipopeleka posa, jawabu lilorudi ni kwamba wamesikia niliwahi "kuumwa".

Nikaja Uingereza kusoma masta na Disemba ya mwanzo ile hali ikanirudia. Wasiofika huku hawajui kiza cha Disemba, saa kumi kasoro za jioni jua limeshazama, hujamaliza alasiri magharibi hiyo. Ada ya mwanafunzi wa nje ni kubwa kuliko ya mwenyeji, na viza inakuruhusu kazi masaa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Nilikaa chumbani siku nne na hakuna mtu aliegonga mlango, watu sita tunatumia jiko moja! Pale Fuoni nikikosa kutoka mpaka saa nne ya asubuhi kuna mtu kashausukuma mlango, "we vipi, homa?" Kwa hilo kwetu ni bora mara mia na sitaki mtu anibishie.

Nikaenda kwa daktari, akanipa karatasi ina maswali tisa. Katika wiki mbili hizi, umekosa usingizi siku ngapi, chakula je, vitu ulokua ukivipenda bado unavipenda, unajiona hufai, unafikiri bora ufe. Kila swali unaweka namba kuanzia 0 mpaka 3. Nilikaa na ile karatasi nikawa natetemeka, maana yote yale yalikua ya Fuoni, yaliandikwa kama mtu alikua geto na sisi. Kumbe hali ile ikikushika karibu kila siku wiki mbili na kuzidi inaitwa sonona, ni maradhi na ina dawa, si uvivu na wala si imani ndogo.

Baadae nikapewa mama mmoja wa kuzungumza nae, baada ya kungoja wiki kadhaa maana huku nako foleni ni ndefu. Kitu cha mwanzo alichoniambia, hata sijavua koti, ni kwamba utakayosema yatabaki humu, isipokua nikihofia maisha yako au ya mwengine, na nikiweza nitakwambia wewe kwanza. Nikazungumza mpaka muda ukaisha. Si kwamba yule mama alikua na elimu kushinda watu wetu wote, ila hamjui babangu, hatokutana na ami yangu sokoni Wete.

Ndo maana nikisikia watu wanasema tatizo letu ni wataalamu wachache, nakubali ni wachache, lakini leta hata kumi kesho uwaweke ofisi ile ile ya nidhamu, mlango unatazama foleni ya wanafunzi wa sapu, hatoingia mtu. Kisiwa kidogo. Kidongo Chekundu ni hospitali ya maradhi ya akili hapo Unguja, inatibu watu, sisi toka skuli tumeigeuza tusi, sasa nani atakae kuonekana karibu na kitu kama hicho wakati anatafuta kazi na mchumba?

Zimbabwe kuna daktari anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza na mabibi 14 huko Harare, wakafundishwa kusikiliza, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Wao hali hii wanaiita kufungisisa, kufikiri sana, sawa na sisi tunavyosema fulani fikra zimemzidi. Nilipolijua hilo nikakumbuka barza zetu, wazee wetu wana subira na maneno ya kumtuliza mtu, lakini barza yetu ndo hiyo hiyo inayopeleka habari. Mie ningeanza na simu tu, mwanafunzi wa Pemba aliyeko Unguja apige asikilizwe na mtu alofundishwa, ambae hajui kwao wapi, na asiwe na mamlaka yoyote juu ya matokeo yake.

Habari za yule mdogo wangu wa voisi sikumwambia mtu kwetu. Nilimuuliza kama anafikiria kufa, akanyamaza kidogo akasema hapana, nachoka tu, na toka siku hiyo tunazungumza kila usiku. Nimemuombea kwa daktari mmoja hapo mjini, kapata nafasi Jumatano. Jana kanirudishia voisi fupi, "kaka, hiyo Jumatano, wataniandika jina langu kamili?" Nimemwambia hilo ndo awe wa kuliuliza kabla hajakaa kitini.