Mjomba Anaijua Bahari, Nani Anamuuliza?

Novemba niliwapeleka wanangu Donna Nook, pwani ya Lincolnshire, kuwatazama sili, wanyama wa baharini. Kutoka Leicester tunakoishi ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari. Baridi ilikuwa kali, ufuo wenyewe tope tupu, na sehemu yake jeshi la anga la Uingereza hufanyia mazoezi ya kudondosha mabomu. Hata hivyo sili wa kijivu huja papo hapo kila mwaka kuzaa. Mtoto huzaliwa na manyoya meupe, hunyonya wiki tatu hivi, kisha mama humwacha na kurudi baharini. Haya tuliambiwa na mzee mmoja mstaafu anayejitolea, aliyesimama kando ya uzio akiwajibu watoto wa watu bila kuchoka. Kiingilio hakuna, unalipa maegesho tu.

Desemba tukawa nyumbani Mombasa. Kaskazi ilikuwa imetulia, maji maangavu. Mjomba wangu, mvuvi kwa miaka 40, akasema tungoje bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakipwa asubuhi. Tukanywa chai kwa mahamri na mbaazi, tukawachukua na watoto wa jirani, tukateremka Bamburi na kupanda boti yenye sakafu ya kioo hadi ndani ya hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa mwaka 1986, ambamo kuvua ni marufuku.

Mjomba hakunyamaza, akitutajia samaki mmoja mmoja. Yule kitatange. Yule pono, tazameni anavyotafuna matumbawe kwa mdomo kama wa kasuku. Anayechungulia shimoni ni mkunga, huyo usimpe kidole. Tuliporudi ufuoni binti yangu akaokota gamba la kome, zuri kweli.

"Rudisha, mjukuu wangu. Lina mwenyewe."

Akaliweka kiganjani, tukanyamaza sote, hadi vijiguu vya kaa vikachomoza.

Sikubali kwamba Waingereza wanaipenda pwani yao kutushinda. Lakini mzee wao wamempa koti lenye nembo na mahali pa kusimama, na watu hutoka mbali kumsikiliza. Mjomba hajawahi kuitwa na shule hata moja. Na wale watoto wa jirani, wazaliwa wa Kisauni wanaosikia mawimbi wakiwa kitandani, siku hiyo ndiyo waliona matumbawe kwa mara ya kwanza. Hilo liliniuma. Kiingilio na nauli ya boti kwa watu sita ni chakula cha nyumba cha siku kadhaa, mzazi gani atachagua boti?

Nataka shule za Kisauni, Nyali na Likoni ziwe na siku yao ya bamvua, watoto waingie bure, na wavuvi wazee walipwe kuwaongoza. Walipwe, si kupewa shukrani. Sisi tulio ng'ambo tusingoje serikali. Kila wiki tunachangishana kwa simu, leo harusi, kesho matanga, na tunatoa. Nauli ya darasa moja haitushindi. Mimi darasa moja nimeshalibeba, la shule niliyosomea, na mjomba nimemwambia ajiandae.

Juzi binti yangu alimpigia akamwonyesha picha ya sili. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu simjui," akasema. "Hebu nieleze, mama. Anakula nini?"