Hunywi Mvinyo? Areni Bado Inakuhusu

Kila nikitaja Areni, kijiji cha mvinyo kusini mwa Armenia, mbele ya Waswahili wenzangu hapa Sharjah, swali huwa ni lile lile: wewe hunywi, huko kwenye mashamba ya mvinyo ulifuata nini? Wengine huuliza kwa utani, wengine kwa jicho la kunipima. Rafiki yangu mmoja, Mlokole wa Moshi, yeye hakutaka hata mjadala. Alimwambia wakala afute Areni kwenye ratiba, abakize makanisa peke yake. Alirudi na picha nzuri na malalamiko mengi. "Mawe tu, shoga yangu. Mawe, mawe, mawe."

Sikumshangaa. Kusini mwa Armenia huwezi kuyatenga makanisa na zabibu halafu ukategemea makanisa yakuambie kitu. Na hilo halina uhusiano na kunywa. Mimi sikuonja hata tone, na siku ile nimeisimulia mpaka watu wa nyumbani wameniomba nipumzike.

Kwa tunaoishi Ghuba, Armenia ni jirani. Kutoka Dubai hadi Yerevan, mji wao mkuu, ni kama saa tatu za ndege. Tatizo letu ni ratiba tunazouziwa. Wakala anakupangia monasteri ya Khor Virap, Areni na monasteri ya Noravank, halafu ili uone umepata kwa bei, anakuongezea hekalu la Garni na monasteri ya Geghard, na mwenye tamaa zaidi anatia na ziwa Sevan. Fungua ramani. Khor Virap na Noravank ziko upande wa kusini, Garni na Geghard mashariki ya Yerevan, Sevan kaskazini-mashariki. Siku ya namna hiyo utakachokiona vizuri ni kiti cha mbele yako.

Ndiyo maana nasema kodi gari lako na dereva. Ukigawana na wenzako watatu, bei haitishi, na kwa asiyekunywa kuna faida nyingine ambayo mawakala hawaitaji. Kwenye basi la kundi, kituo cha kuonja mvinyo kinakula saa nzima au zaidi. Wenzako wanazungusha glasi na kunusa, wewe umekaa na maji yako ukitabasamu bila sababu. Ukiwa na gari lako, saa hiyo ni yako, na ipo sehemu ya kuitumia, nitaifikia.

Toka mapema. Khor Virap iko kama kilomita 40 kutoka Yerevan, na wa kuwahiwa ni mlima. Ararat una mita 5,137, unasimama peke yake kwenye tambarare, na kadiri jua linavyopanda unajifunika utusitusi wa joto mpaka unakaribia kupotea. Mlima huo umo kwenye nembo ya taifa la Armenia na kwenye lebo za konyaki, lakini wenyewe uko Uturuki, na mpaka umefungwa tangu 1993. Kutoka kwenye kilima cha monasteri unauona mpaka kwa macho, ng'ambo tu ya mashamba ya mizabibu. Sisi tuliozoea kuuona Kilimanjaro kutoka Amboseli, mlima ukiwa wa jirani, tunaweza kudhani tunawaelewa hawa watu. Hatuwaelewi. Mkenya akiutamani Kibo anavuka Namanga au Tarakea, anagongewa pasipoti, anapanda.

Ndani ya kikanisa kimoja pale kuna tundu sakafuni na ngazi ya chuma inayoshuka kama mita 6. Masimulizi ya Waarmenia yanasema Mfalme Tiridates III alimtupa humo Gregori, mhubiri wa Kikristo, akakaa miaka 13 hivi, mjane mmoja akimdondoshea mkate, mpaka mfalme alipougua na Gregori akatolewa kuja kumwombea. Mfalme akapona, ufalme mzima ukaingia Ukristo, mwaka 301 kwa hesabu yao. Nilishuka. Ngazi imesimama wima, chini ni joto na hewa nzito, na watu wanateremka na simu mkononi kana kwamba wana mkono wa tatu. Mwenye presha au magoti mabovu abaki juu, hakuna atakachokosa zaidi ya jasho la wenzake.

Nje utawakuta wauza njiwa. Unalipa, unaomba dua yako, unamwachia ndege aruke kuelekea Ararat. Njiwa mwenyewe anajua njia ya kurudi kwa bwana wake. Sijaona biashara tamu kama hiyo, bidhaa inajirudisha dukani.

Hapo ndipo habari ya zabibu inapoanza, kabla hujafika Areni. Biblia inasema safina ilitua juu ya milima ya Ararat, na sura inayofuata Nuhu anapanda mizabibu, anakunywa mvinyo wake, analewa. Muislamu atakukumbusha kwamba Kurani inautaja mlima Judi, na kwamba nabii halewi. Sina haja ya kuamua ugomvi huo kwenye makala ya safari. Ninachotaka ukibebe ni kwamba Mwarmenia akihesabu umri wa mvinyo wake anaanzia kwa Nuhu, na ukimcheka, ana ushahidi wa kukuonyesha saa moja na kitu mbele.

Barabara ni ile ile inayopeleka malori Irani. Inapanda milima mikavu isiyo na mti, inageuka geuka, halafu inashuka kwenye bonde la mto Arpa, na ghafla kuna kijani. Ukifika Areni, usianze na kiwanda. Anza na pango. Ile saa niliyosema ni yako, itumie hapa.

Waakiolojia wanaliita Areni-1, na walianza kulichimba mwaka 2007. Mwaka uliofuata walikuta kiatu. Kimoja, cha mguu wa kulia, cha ngozi ya ng'ombe, kamba zake zimo, ndani kimeshindiliwa majani makavu. Kina miaka kama 5,500. Kilichokihifadhi ni ukavu wa pango na tabaka la samadi ya kondoo lililokifunika, kwa hiyo mwenye zizi asidharauliwe. Kiatu chenyewe usikitafute pangoni, kiko kwenye Makumbusho ya Historia ya Armenia mjini Yerevan. Ukubwa wake ni kama namba 37. Kingenienea.

Lakini dunia ilishika kiatu ikaacha karai. Ndani ya pango lile kuna sakafu ya udongo iliyofinyangwa kama sinia pana, imeinamia upande mmoja, na kwenye ncha ya mwinamo kuna mtungi umezikwa ardhini. Zabibu zilikanyagwa kwa miguu juu ya sinia, maji yake yakatiririka mtungini, yakaachwa yachachuke. Watafiti walikuta mbegu, maganda na vikonyo, na kwenye udongo mabaki ya rangi ya zabibu nyekundu. Umri wake ni kama miaka 6,100. Walipotangaza matokeo mwaka 2011 walisema hakuna mtambo kamili wa mvinyo wa kale zaidi ya huo uliowahi kupatikana.

Na ni pango la maziko. Humo humo yalikutwa mafuvu ya vijana, yamehifadhiwa ndani ya vyombo vya udongo. Watafiti wanaona mvinyo ule huenda ulihusu ibada za wafu. Nilisimama pale muda mrefu, dereva akanisubiri nje akivuta sigara zake, na swali la "wewe unakunywa au hunywi" nikaliona dogo kupita kiasi. Watu wale hawakuwa na baa. Walikanyaga zabibu hatua chache kutoka walipowalaza vijana wao.

Sasa toka pale uingie kanisani uone tofauti. Mpaka leo Kanisa la Armenia hubariki zabibu Jumapili iliyo karibu na Agosti 15, sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, na wanaoshika mila hawali zabibu za msimu mpya kabla ya siku hiyo. Kwenye ibada yao ya ushirika divai haichanganywi na maji, jambo linalowatofautisha na makanisa mengine ya kale. Tazama khachkar, yale mabamba ya mawe yaliyochongwa misalaba: pembeni mwa msalaba mara nyingi kuna vishada vya zabibu na makomamanga. Rafiki yangu wa Moshi alivipiga picha vishada hivyo. Alidhani ni mapambo.

Nikiwa hapo hapo, nisiache hili. Kanisa hili ni ndugu wa kanisa la Waorthodoksi wa Ethiopia, wote hawakuukubali Mtaguso wa Kalkedoni, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451. Na mwaka 1924 Ras Tafari, kabla hajaitwa Haile Selassie, aliwakuta Yerusalemu mayatima wa Kiarmenia, watoto walionusurika mauaji ya kimbari, akawachukua 40 hadi Addis Ababa wakawa bendi ya kifalme. Mwalimu wao, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Ethiopia wa enzi ya kifalme. Kwa hiyo ukiambiwa Afrika Mashariki na Armenia hazijuani, kataa.

Kijijini Areni, pembeni mwa barabara, wakulima wanapanga meza zenye chupa za Coca-Cola zilizojaa kitu chekundu. Huo ni mvinyo wa nyumbani. Dereva wangu alinieleza kwa kicheko kwamba wateja ni madereva wa malori ya Irani, na chupa ya soda haimsumbui mtu mpakani. Sikuwepo mpakani, kwa hiyo simthibitishii, ila mzaha huo unazunguka nchi nzima. Viwanda vyenye majengo mazuri na ukumbi wa kuonjea ni vya juzi tu. Enzi ya Wasovieti, Armenia ilipangiwa konyaki, Georgia ikapangiwa mvinyo, na zabibu nyingi za Armenia zikaishia kwenye mapipa ya konyaki. Zabibu nyeusi ya hapa, ya jina hilo hilo la kijiji, ina ganda nene na inastahimili ukame na baridi ya mwinuko huu wa karibu mita 1,000.

Kiwandani usione haya. Sema mapema kwamba huonji, uliza kama unaweza kuona mitungi. Baadhi yao bado wanachachisha kwenye mitungi mikubwa ya udongo, wenyewe wanaiita karas, imefukiwa nusu ardhini, na ukitoka pangoni asubuhi ile ile huhitaji kuelezwa chochote. Kama unakwenda mwishoni mwa Septemba au Oktoba utakuta mavuno, na Jumamosi ya kwanza ya Oktoba huwa kuna tamasha la mvinyo kijijini. Mtu asiyependa zogo aikwepe siku hiyo.

Tahadhari mbili. Mvinyo wa komamanga ni mvinyo, hata kama muuzaji atakuonyesha tunda na kukuambia ni tamu na ni dawa. Wengi wetu wameingia mtegoni hapo. Kama unataka kinywaji cha matunda, ulizia kompot. Ya pili, nyama choma yao, khorovats, mara nyingi ni ya nguruwe. Mwambie dereva mapema, atakutafutia ya kondoo au samaki wa mtoni. Mkate ni lavash, mwembamba na mpana, unaobandikwa kwenye ukuta wa tanuri lililochimbwa ardhini, na ukipewa na jibini na majani mabichi unaweza kuusahau wali kwa siku moja.

Noravank iachie alasiri. Unaingia korongo jembamba, kuta za mwamba mwekundu pande zote mbili, na wakati huo jua linazipiga ubavu. Kanisa la Surb Astvatsatsin lilikamilika 1339, na ni kazi ya Momik, msanifu na mchonga mawe wa akina Orbelian waliotawala huku. Chini ni chumba cha maziko, juu ni kanisa, na ngazi za kwenda juu zimechomoza kwenye uso wa jengo, nyembamba, bila kishikio. Vijana wanapanda wakicheka, wanashuka kwa makalio. Mimi nilipanda nusu nikaghairi. Wengi humalizia hapo, wakapiga picha ngazi wakaondoka. Wavuke uwanja waende jengo la pili, Surb Karapet, watazame juu ya mlango wa ukumbi wake: Bikira na Mtoto wameketi juu ya zulia, na nyuma yao herufi za Kiarmenia zimesukwa na matawi na majani mpaka hujui wapi neno linaisha na mmea unaanza. Juu zaidi, dirishani, yuko Mungu Baba, kichwa kikubwa, macho ya umbo la lozi. Kwa kilichochongwa mawe, sijaona macho yanayokufuata namna ile.

Wanawake hufunika vichwa kanisani, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nitue Yerevan mtandio wangu haukumshangaza mtu. Wakitoka, waumini hurudi kinyumenyume wasiipe madhabahu mgongo. Na ukikuta kondoo au jogoo amefungwa nje ya monasteri, usishangae. Familia ina nadhiri, chumvi inabarikiwa, mnyama anachinjwa, na nyama inagawiwa majirani na maskini. Mswahili hahitaji mkalimani hapo.

Kurudi Yerevan ni karibu saa mbili. Dereva akikuambia mna muda wa kupitia Garni, mkatalie. Utafika giza, na hekalu lenyewe halikimbii. Garni na Geghard ziko pamoja na karibu na mji, zipe asubuhi ya siku nyingine.