Nyumba ya mnada: afadhali gofu tupu kuliko nyumba nzima yenye watu

Matangazo ya minada ya nyumba yamejaa magazetini na kwenye magrupu ya WhatsApp. Nyumba ipo Tabata, Dar es Salaam, ina hati, iliwekwa rehani, sasa inauzwa kwa amri ya benki. Mtu akisikia bei anaanza kuwaza rangi ya mapazia. Anakwenda kuiangalia, anakuta ufa ukutani, anaghairi. Kwa maoni yangu, hofu hiyo ameipeleka siko.

Ufa una bei. Fundi atauangalia, atakutajia saruji, nondo na ufundi, mtabishana, mtaafikiana. Asiye na bei ni mtu aliyemo ndani ya nyumba.

Hivi karibuni nilimsindikiza binamu yangu kuangalia nyumba ya namna hiyo. Kwa nje, safi kabisa: geti la chuma, vigae barazani, mwembe uani. Kuingia hatukuruhusiwa. Nguo zilianikwa kambani, na mtoto mwenye sare za shule alituchungulia kwenye upenyo wa geti kisha akakimbilia ndani. Jirani kulikuwa na mama anayeuza mboga, tukamwamkia. “Marahaba, wanangu. Mmefuata mnada? Wameshakuja wengi. Mke wa mwenye nyumba kaenda mahakamani, anasema yeye hakusaini kitu.”

Ukisikia “hakusaini kitu”, simama kwanza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi pale nyumba ya ndoa inapowekwa rehani. Mkopaji naye hupewa notisi ya siku 60 kabla benki haijauza. Likidaiwa moja kati ya hayo halikufanyika, mahakama inaweza kuweka zuio, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani. Mnunuzi wa nia njema, yaani asiyejua kasoro hiyo, analindwa na sheria, sikatai. Ila kulindwa si kukabidhiwa funguo. Hela yako iko benki, nawe bado unamlipa mwenye nyumba wako kodi.

Hata urahisi wenyewe wa bei una mtego. Sheria hiyohiyo inamtaka aliyeshika rehani atafute bei nzuri. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei ya soko kwa nyumba za aina hiyo, benki inachukuliwa kuwa haikutimiza wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Kwa hiyo bei ya kutupa inayokuchangamsha wewe inamchangamsha pia wakili wa mkopaji.

Ndiyo maana mimi nalipenda gofu. Nyumba iliyohamwa, nyaya zimeng'olewa, masinki yameibwa, popo darini: hakuna wa kumtoa, na washindani mnadani ni wachache kwa sababu inatisha macho. Lakini mchukue fundi ambaye hutampa kazi hiyo, umlipe ukaguzi peke yake. Anayeitamani kazi atakwambia “plasta tu hapo, bosi”, ukishanunua ndipo hesabu zianze kupanda. Plasta iliyomomonyoka kwa chumvi chini ya ukuta ni kero ya kawaida ya Dar es Salaam, isikukimbize. Ufa unaoanzia kona ya dirisha, ukapanda mshazari mpaka kwenye lenta, na upana wake kidole kinapita, huo mwite mhandisi. Gonga mbao za paa pia. Mchwa hula ndani wakaacha ganda.

Na kuna ubovu usiotengenezeka. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara hadi Kiluvya zilivunjwa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, na baadhi yake zilikuwa nyumba nzuri haswa. Bonde la Msimbazi nalo kila masika linajieleza lenyewe kwa mafuriko. Upekuzi kwa Msajili wa Hati utakuonyesha kama kuna zuio au rehani nyingine. Mipaka na barabara waulize watu wa mipango miji na serikali ya mtaa. Deni la pango la ardhi liulize mapema.

Hela nazo zina kasi yake. Matangazo mengi hudai asilimia 25 nyundo ikigonga, na iliyobaki ndani ya siku 14. Mkopo wa nyumba hauivi kwa muda huo, kwa hiyo usishindane na mwenye fedha taslimu kwa kutegemea ahadi ya ofisa mikopo. Hela ya matengenezo itengwe kabla ya mnada, si baada, na juu yake uweke akiba nzuri, maana ukibandua dari utakutana na mambo.

Wapo wasionunua kabisa kwa kuogopa machozi ya mwenye nyumba. Sibishani nao. Mimi mwenyewe yule mtoto wa getini alinitia unyonge, ingawa hata tungeondoka benki ingeuza tu.

Binamu yangu ameachana na ya Tabata. Sasa anafuatilia gofu moja Kitunda lisilo na madirisha, fundi ameshalikagua, na tumeandika kwenye karatasi bei ya mwisho atakayoitaja. Dalali akiivuka, tunarudi nyumbani kula.