Mshale Sitini, Baiskeli Ikanipita

Rafiki yangu ameniwahi kuwasimulia kisa cha lori langu na spidomita yake iliyodanganya. Toleo lake ni hili: eti nikiendesha nimepitwa na kobe. Jamani, kobe hakuwepo. Ilikuwa baiskeli, tena mteremkoni, kwa hiyo naomba haki yangu.

Yote yalianza na kazi ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha tairi. Ilitoka kraun (gia kubwa) ya meno 41 na pinioni (ile ndogo inayoizungusha) ya 11, yaani uwiano wa 3.73, ikaingia 41 kwa 9, yaani 4.56, maana lori likikutana na mlima na mzigo mgongoni lilikuwa linaanza kutubu. Difu lenyewe nilifunga sawasawa, hata huyo mbea hapo hana neno. Lililobaki lilikuwa spidomita. Kazi ya dakika ishirini. Kazi ya kumalizia chai.

Lori la spidomita ya kebo kama hili, spidomita yake haina habari na tairi. Inahesabu mizunguko ya shafti inayotoka giaboksi kwenda kwenye propela, ile shafti ndefu inayozungusha difu, basi. Ukifunga difu fupi, yaani la uwiano mkubwa kama langu, propela inazunguka zaidi kwa mwendo uleule wa tairi. Kwangu ni 11 kwa 9, ongezeko la asilimia 22. Ukiwa 80 ya kweli, mshale unakuambia karibu 98. Dawa ni kile kigia cha plastiki kinachozungusha kebo, nyuma ya giaboksi, ubavuni. Mshale ukizidisha, kigia unakiongeza meno ili kebo ipunguze kasi. Hesabu: meno ya zamani mara uwiano mpya, gawanya kwa uwiano wa zamani. Kigia changu kilikuwa na meno 18. Zidisha kwa 4.56, gawanya kwa 3.73, unapata 22. Haina hata mkia wa desimali wa kukusumbua.

Mimi nikaigeuza miguu juu. Nikazidisha kwa 3.73, nikagawanya kwa 4.56, nikapata 14.7. Nikasema ah, 15 hiyo. Nikanunua kigia na ganda lake linalokishika (ganda lilinganishwe na meno, wajameni, kwenye giaboksi nyingine tundu lake liko upande mmoja, na meno yasipokutana vizuri yanalika), nikafungua boliti moja, nikachomoa, mafuta yakadondoka kidogo, oringi mpya (pete ya mpira ya kuzuia mafuta), nikafunga. Mshale ulikuwa unazidisha kwa asilimia 22. Mimi nikautibu ukafika 47.

Msicheke bado. Utamu uko mbele.

Siku tatu nilitembea na raha ambayo siwezi kuieleza. Nikampigia rafiki yangu, huyuhuyu, nikamwambia lori limefufuka, na mzigo wote ule linakamata mia. Ilikuwa 68. Nikamwambia na mafuta yamepungua, lita moja naenda kilomita tano. Difu fupi, injini inapiga kelele kama inadaiwa, halafu mafuta yapungue! Odomita, ile inayohesabu kilomita, inakula kebo ileile na mshale, kila kilomita mia za kweli ilikuwa inaniandikia 147. Fundi mzima, nikaiamini kuliko akili yangu.

Sasa mteremko.

Mshale uko 60, umetulia. Nimeshika gia ya chini makusudi, nina mzigo, namweleza utingo kwamba dereva mwenye busara mteremkoni hazidi sitini. Ananisikiliza, lakini jicho lake liko kwenye kioo cha pembeni. Ananyamaza. Anaangalia tena. Anasema, "Bosi, kuna mtu anakuja." Nikamwambia mwache apite, mimi sishindani na vijana wa magari madogo. Akasema, "Si gari, bosi."

Kwanza likatokea tairi la mbele. Jembamba. Halafu usukani, halafu kijana mmoja, na nyuma yake mzigo wa majani ya ng'ombe mpana kuliko mlango wangu. Hakanyagi hata! Miguu imetulia, baiskeli inajiendea. Akafika usawa wa dirisha langu akakaa hapo, sijui sekunde ngapi, kwangu ilikuwa kama kungoja hukumu. Nikaangalia mshale: 60. Nikamwangalia yeye. Mshale: 60. Akageuka akaniangalia kwa huruma ile ya mtu mwenye malezi, akasema, "Shikamoo mzee. Mmeharibikiwa?"

Nikaitikia marahaba. Ningesema nini?

Majani yakatupita taratibu, moja likabaki limenasa kwenye kioo changu.

Chini ya mteremko nikatafuta tambarare yenye nguzo za kilomita, utingo akashika saa. Ukiwa 60 kamili, kilomita moja ni sekunde 60. Sisi tulitumia 88, ambayo ni kama 41 ya kweli. Kilomita kumi za nguzo, odomita ikaandika karibu 15. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile hesabu, jasho likanitoka kabla ya karatasi.

Kigia cha meno 22 kiliingia siku iliyofuata, ganda likabadilishwa, kilomita ikarudi sekunde 60. Kilomita za uongo nimezitoa kwenye daftari ili tarehe ya kumwaga oili isiwahi. Na nyie wenye malori ya kisasa: kama spidi inasomwa na sensa ya giaboksi, uwiano unaandikwa upya kwa kompyuta; kama inasomwa kwenye magurudumu, difu haligusi kitu. Kwa hiyo nyie aibu yenu itatafuta njia nyingine.

Rafiki yangu sasa ananiita Rubani. Kile kigia cha meno 15 nilikitupa, utingo akakiokota akakitunga kwenye funguo za lori, na kila nikiwasha gari kinaning'inia hapo, kinanigonga goti.